Redio ya VHF Chomboni: Mwongozo Kamili wa Chaneli na Matumizi Yake kwa Wasafiri wa Bahari ya Lamu

Simu ya mkononi imewarahisishia mabaharia wa Lamu mambo mengi, lakini imewafanya wengi wao waione redio ya VHF, ile ya kuzungumza kati ya chombo na chombo au na pwani, kuwa pambo la boti za watalii. Simu humfikia mtu mmoja, tena yule tu ambaye namba yake unayo, na kadiri unavyoiacha pwani ndivyo mtandao unavyopungua. Redio humfikia kila aliye karibu na mwenye redio iliyowashwa, awe unamjua au humjui, na wote wakasikia kwa wakati mmoja.

Kutoka Lamu hadi Mombasa, kilipo kituo cha kuratibu uokoaji baharini kinachosimamiwa na Mamlaka ya Ubaharia ya Kenya, ni kiasi cha kilomita 240 kwa mstari ulionyooka. Redio ya VHF ya chombo haiwezi kuufikia umbali huo yenyewe. Ukipatwa na jambo nje ya Manda au upande wa Kiwayu, atakayekusikia kwanza yaelekea ni nahodha mwenzako aliye maili chache kutoka hapo ulipo. Mwongozo huu umeandikwa kwa kuzingatia hilo: redio ya chombo chako ni sikio la wenzako kabla haijawa mdomo wako.

Redio na karatasi zake

Ziko aina mbili. Ya kwanza hufungwa chomboni, hula umeme wa betri ya volti 12, na hutoa nguvu ya wati 25, pamoja na swichi ya kuishusha hadi wati 1. Ya pili ni ya mkononi, yenye wati 5 au 6. Mwenye boti ya kuvusha abiria kati ya Lamu na Mokowe anaweza kutosheka na ya mkononi iliyochajiwa vizuri, lakini anayetoka nje ya mwamba kuvua au kusafiri kwenda Kipini hana budi kuwa nazo zote mbili, kwa sababu maji yakiingia ngamani, yaani chini tumboni mwa chombo, betri kubwa ndiyo hufa mapema.

Redio hizi hutumika kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Chombo hupewa alama ya wito, yaani herufi na tarakimu za kukitambulisha redioni, na mgao wa kimataifa wa Kenya huanza na 5Y au 5Z. Redio yenye wito wa kidijitali, yaani wito unaotumwa kama ishara badala ya sauti, huhitaji pia namba ya utambulisho ya tarakimu tisa, ambayo kwa vyombo vya Kenya huanza na 634. Usiazime namba ya boti nyingine wala usibuni yako, kwa kuwa ukiomba msaada waokoaji watakuwa wakikitafuta chombo kisicho chako.

Sauti yako hufika wapi

Mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na upeo wa bahari huyazuia. Kuongeza wati hakusaidii kuuruka mviringo wa dunia. Kinachosaidia ni kimo cha antena. Makadirio yake ni rahisi: chukua kimo cha antena juu ya maji kwa mita, tafuta mzizi wake wa pili, uzidishe kwa 2.2, nawe utapata maili za baharini hadi upeo wa antena hiyo. Fanya vivyo hivyo kwa chombo cha pili, kisha ujumlishe. Boti yenye antena ya mita 4 hupata maili 4.4, kwa hiyo boti mbili za namna hiyo zitasikizana kwa umbali wa takriban maili 9. Mtu aliyesimama na redio ya mkononi mita 2 juu ya maji hupata maili 3 hivi, na akiketi hupungukiwa zaidi. Lakini boti ile ile ya mita 4 ikizungumza na meli ya mizigo ambayo antena yake iko mita 36 juu, mazungumzo huweza kufika zaidi ya maili 17.

Hesabu hiyo ni ya bahari iliyo wazi. Ndani ya mlango wa Mkanda mambo ni mengine, kwani mikoko imesongamana pande zote mbili, na maji ya bamvua yakishakupwa chombo huwa chini kwa mita kadhaa kuliko kilivyokuwa maji yalipojaa. Anayeita kutoka humo asishangae kutojibiwa na mtu aliye nje ya Shela, maana kati yao kuna mikoko, nchi kavu na vilima vya mchanga. Atoke kwanza penye maji mapana, au amwombe aliye katikati ampelekee ujumbe.

Kwenye mashua au jahazi, antena iwekwe juu kadiri iwezekanavyo, lakini mahali ambapo foromali, yaani mti unaobeba tanga, haitaigonga wakati wa kubisha. Mwenye redio ya mkononi asimame na aishike antena wima; kuilaza ni kuipotezea nguvu bure.

Chaneli na kazi zake

Kabla ya yote, hakikisha redio imewekwa kwenye mpangilio wa kimataifa, ambao kwa kawaida huonyeshwa kwa herufi INT kwenye kioo. Redio nyingi zinazonunuliwa mtandaoni huja zikiwa katika mpangilio wa Marekani, na ingawa chaneli 16 ni ile ile kote, baadhi ya chaneli nyingine hazilingani.

Chaneli 16, yaani megahezi 156.8, ni ya dharura, ya usalama na ya kuitana. Kila chombo kilicho safarini kinapaswa kuisikiliza muda wote kisipokuwa na mazungumzo kwingine. Ukimpata uliyemwita, nyote wawili mnahama. Bei ya kamba, habari za harusi ya Faza na malalamiko kuhusu mafuta hayana nafasi hapo hata kwa nusu dakika, kwa sababu mtu anayezama maili nane kutoka kwenu hawezi kupenya mkiwa mnazungumza. Redio hizi zina tabia ya kuipokea sauti yenye nguvu na kuimeza iliyo dhaifu kabisa, na aliye hatarini ndiye mara nyingi mwenye redio ndogo na betri iliyochoka.

Chaneli 70 ni ya wito wa kidijitali peke yake. Hakuna mtu anayezungumza hapo. Chaneli 6 ni ya chombo kwa chombo, na pia hutumiwa kuwasiliana na ndege wakati wa utafutaji na uokoaji, hivyo ni vyema isifanywe baraza. Kwa mazungumzo ya kawaida kati ya vyombo tumia 8, 72 au 77. Mimi hupendelea 72. Chaneli 13 ni ya usalama wa kupishana, hasa na meli kubwa. Shughuli za bandari kwa kawaida huendeshwa kwenye chaneli kama 11, 12 au 14, na kila bandari huchagua yake, kwa hiyo uliza ofisi ya bandari kabla ya safari badala ya kubahatisha ukiwa mbele ya meli. Chaneli 15 na 17 ni za mawasiliano ya ndani ya chombo kwa wati 1. Na 75 na 76 ziko jirani kabisa na 16, kwa hiyo ziache.

Wengi hukwama kwenye jambo moja. Vijana wawili hukubaliana wakutane chaneli 24 au 62 kwa sababu huko hakuna watu, kisha kila mmoja humlaumu mwenzake kwa kutojibu. Chaneli 1 hadi 5, 7, na nyingi kati ya 18 hadi 28 na 60 hadi 66, zimepangwa kwa mawasiliano na kituo cha nchi kavu: chombo hutuma kwa masafa moja na kupokea kwa masafa mengine. Vyombo viwili vikikutana hapo vyote hutuma mahali ambapo hakuna kati yao anayesikiliza. Redio si mbovu. Chaneli ndiyo si ya kazi hiyo.

Namna ya kuita

Kwanza sikiliza. Hakikisha mtambo wa kunyamazisha mvumo, yaani skwelchi, umefungwa pale tu mvumo unapokoma; ukiufunga zaidi, sauti za mbali hazitakufikia na utadhani bahari imenyamaza. Ikiwa hakuna anayezungumza, amua unachotaka kusema kabla ya kubonyeza. Shika maikrofoni upana wa vidole vitatu kutoka mdomoni, kando kidogo ili upepo wa kusi usivume ndani yake, bonyeza, ngoja kama sekunde moja, ndipo useme. Wasiongoja hukatwa neno la kwanza, ambalo ndilo jina la anayeitwa.

Wito wenyewe huwa hivi:

“Rahaleo, Rahaleo, Rahaleo. Hapa ni Subira, Subira, Subira. Ova.”

“Subira, hapa ni Rahaleo. Nenda saba-mbili. Ova.”

“Saba-mbili. Ova.”

Wote wawili wanahamia 72, na aliyeanza ndiye anayeita tena. Wasipopatana huko, wanarudi 16. Ikiwa mnasikizana vizuri, kulitaja jina mara moja kunatosha. Asipojibu, ngoja dakika mbili kabla ya kurudia. Huenda mikono yake iko kwenye mshipi au kwenye nanga. “Ova” maana yake nimemaliza na nasubiri jibu; “auti” maana yake mazungumzo yamekwisha. Anayesema yote mawili kwa pamoja hajulikani anataka nini. Kujaribu redio kufanyike kwenye chaneli ya mazungumzo na mtu mliyeahidiana, kwa wati 1 ikiwa yuko karibu.

Salamu za kwetu ni ndefu, na ndivyo zinavyostahili kuwa, lakini zianze mkishafika 72.

Tarakimu, mahali na saa

Upepo ukivuma, “nne” na “nane” hufanana mno, na ndizo zinazoleta makosa mengi. Taja namba tarakimu kwa tarakimu, na mpokeaji airudie kama alivyoisikia. Jina la chombo lisiposikika, litamkwe kwa alfabeti ya kimataifa: Subira ni Sierra, Uniform, Bravo, India, Romeo, Alfa.

Mahali hutajwa kwa njia mbili, na ukiweza utaje zote. Njia ya kwanza ni umbali na upande kutoka alama inayojulikana: “maili 3 kusini-mashariki ya Ras Kitau” maana yake ukisimama Ras Kitau na kutazama kusini-mashariki, mimi niko huko. Mvuvi wa Malindi atatumia Ras Ngomeni au majukwaa ya San Marco, yale ya zamani ya kurushia roketi, yaliyo baharini mbele yake. Epuka majina ya mashimo ya uvuvi yanayojulikana na wavuvi wa kijiji kimoja, maana anayekuja kukuokoa huenda ametoka kwingine.

Njia ya pili ni latitudo na longitudo, nayo ina mtego kwa wanaosoma kwenye simu. Simu nyingi huonyesha nyuzi kwa desimali, ilhali mabaharia husoma nyuzi na dakika. Simu ikiandika 2.20 kusini, hizo ni nyuzi 2 na dakika 12. Ukisema “mbili, ishirini” mwenzako ataandika nyuzi 2 na dakika 20, na kosa hilo la dakika 8 ni maili 8 za baharini. Badilisha mpangilio wa simu au GPS yako leo hii, ukiwa bado umeketi nchi kavu, usome nyuzi na dakika.

Kuhusu saa, kati yetu “saa tatu asubuhi” haina utata. Kwa meli ya kigeni saa hiyo ni 0900 kwa saa za Afrika Mashariki, au 0600 kwa saa za kimataifa. Taja ni saa ipi unayoitumia.

Kuomba msaada

Kuna ngazi tatu. SÉCURITÉ, inayotamkwa “sekyuritee”, ni tahadhari kwa wengine: gogo kubwa linaelea mbele ya Kipini baada ya Mto Tana kufurika, au taa ya boya imezimika. Tangazo fupi hutolewa kwenye 16, kisha maelezo kwenye chaneli nyingine. PAN-PAN ni ya jambo la haraka ambalo bado halijahatarisha maisha papo hapo. MAYDAY ni ya hatari kubwa iliyokwisha kufika: kuzama, moto, mtu aliyepotea majini.

Mpaka kati ya mbili za mwisho huwasumbua watu, na fahari huwafanya wachelewe. Injini imezimika, nanga imeshika, bahari ni shwari: hiyo ni PAN-PAN. Injini ile ile ikizimika mlango wa Shela wakati maji yanatoka na kusi inayakabili, nanga inakokota na mwamba uko nyuma yako, hiyo ni MAYDAY, hata kama bado hakuna tone la maji chomboni. Usingoje maji yafike magotini. Hali ikitengenea, unatangaza kuwa msaada hauhitajiki tena, na hakuna atakayekulaumu.

Wavishe watu jaketi okozi kwanza, weka chaneli 16 na wati 25, kisha sema pole pole:

“MAYDAY, MAYDAY, MAYDAY.
Hapa ni Subira, Subira, Subira.
MAYDAY, Subira.
Niko nyuzi mbili, dakika mbili-sifuri kusini. Nyuzi nne-sifuri, dakika tano-saba mashariki. Maili tatu kusini-mashariki ya Ras Kitau.
Ubao umefumka, maji yanaingia, ninazama.
Nahitaji msaada wa haraka.
Tuko watu tisa, wawili ni watoto, wote wana jaketi okozi.
Chombo ni mashua nyeupe ya mita tisa.
Ova.”

Baada ya jina, taja alama ya wito au namba ya utambulisho ikiwa unayo. Mahali hutangulia shida kwa sababu maalumu: betri ikikata baada ya mstari wa nne, waliosikia tayari wanajua pa kukufuata. Achia kitufe na usikilize. Asipojibu mtu, rudia.

Sema kwa lugha utakayoitamka bila kukwama. Neno MAYDAY hueleweka kila mahali, na wavuvi wenzako wataelewa Kiswahili chako. Lakini meli zinazopita huzungumza Kiingereza, kwa hiyo jifunze kwa lugha hiyo tarakimu, pande za dunia, na jinsi ya kusema kuzama, moto, mtu majini na idadi ya watu.

Ukisikia MAYDAY ya mwingine

Acha kuzungumza, chukua kalamu, andika saa na kila unachosikia. Ukikosa karatasi, andika kwa mkaa kwenye ubao. Ngoja kidogo kituo cha pwani au chombo kilicho karibu naye kijibu. Kimya kikiendelea, mjibu wewe: “MAYDAY, Subira, Subira, Subira. Hapa ni Rahaleo, Rahaleo, Rahaleo. MAYDAY yako nimeipokea.” Kisha mweleze uko wapi na utamfikia lini.

Huenda huwezi kumfikia, au huenda wewe unamsikia na walio bandarini hawamsikii. Hapo ndipo visiwa vyetu vinapohitaji hatua ambayo wengi hawajafundishwa, nayo ni kuusukuma ujumbe mbele. Ita “MAYDAY RELAY” mara tatu, jina la chombo chako mara tatu, kisha urudie ujumbe wa aliye hatarini kama ulivyouandika, bila kupunguza wala kuongeza maoni yako. Ni muhimu ieleweke kwamba aliye hatarini si wewe. Aliye Kiwayu humpelekea aliye Kizingitini, wa Kizingitini humpelekea aliye mlango wa Manda, na mtu mwenye mtandao wa simu huwapigia Walinzi wa Pwani au kituo cha Mombasa. Hapa simu ina thamani yake, kwa hiyo namba zao ziwe zimeandikwa chomboni kabla ya safari. Chombo chenye antena ndefu kuliko vingine ndicho kinachofaa kuwa kiungo, na nahodha wake akubali kubaki mahali alipo badala ya kukimbilia tukio, ikiwa kuondoka kwake kutakata mnyororo.

Anayeongoza uokoaji anaweza kuamuru kimya kwa maneno “SEELONCE MAYDAY”, na kukiondoa kwa “SEELONCE FEENEE”. Kati ya hayo mawili, asiyehusika asibonyeze kitufe.

Kitufe chekundu

Redio yenye wito wa kidijitali ina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikishikilia kwa sekunde kama tano, redio hutuma kwenye chaneli 70 namba yako ya utambulisho na mahali ulipo, na huendelea kurudia kila baada ya dakika nne hivi hadi ijibiwe. Mahali hutumwa tu ikiwa redio ina GPS au imeunganishwa nayo. Boti nyingi zimefungwa redio nzuri bila waya huo mmoja. Baada ya kubonyeza, usikae kungoja: toa MAYDAY kwa sauti kwenye 16. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, futa wito huo redioni, kisha utangaze 16 kwa vyombo vyote jina lako, namba yako, na kwamba haukuwa wito wa kweli.

Meli za Bandari ya Lamu

Tangu gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilipofunguliwa tarehe 20 Mei 2021, meli kubwa huingia Ghuba ya Manda. Meli ya namna hiyo haiwezi kukupisha ndani ya mfereji wake, na mara nyingi nahodha wake haioni boti iliyo chini ya omo, yaani mbele ya meli. Mwite mapema, umweleze ulipo kwa kulinganisha na meli yake, na umwambie utapita upande gani. Sema kwa ufupi, kisha uondoke njiani.

Chumvi

Redio nyingi za Lamu hufa kwa chumvi, si kwa uzee. Kiungo cha waya wa antena kifunguliwe kila msimu, na kikionekana cha kijani kikatwe na kufungwa kipya, kisha kizungushiwe utepe wa mpira usiopitisha maji. Redio ya mkononi iliyolowa isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi na kukaushwa kabla ya kuchajiwa. Kitufe cha maikrofoni kichunguzwe zaidi ya vyote: chumvi ikikigandisha, au maikrofoni ikibanwa chini ya gunia, chombo chako hutuma mfululizo na kuziba chaneli 16 kwa kila mtu maili kadhaa kote, nawe husikii lolote. Alama ya TX, yaani redio inatuma, ikiwaka kwenye kioo na hakuna anayezungumza, chomoa maikrofoni au zima redio papo hapo.

Andika maneno ya MAYDAY kwenye kadi, pamoja na jina la chombo, alama ya wito na namba ya utambulisho, uifunike kwa plastiki na kuibandika karibu na redio. Kisha mfundishe baharia mwingine mmoja aisome kwa sauti huku akiangalia mahali kwenye GPS, redio ikiwa imezimwa, kwa sababu anayeweza kuanguka majini au kuumia ni nahodha mwenyewe.